Kujaziwa Nyimbo Kwenye Flashi Mwembe Tayari: Tathmini ya Huduma na ya Haki

Maduka ya kujaza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi yametapakaa Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Likoni, na ni nadra kumpata dereva wa matatu au wa tuktuk asiyejua lililo karibu na steji yake. Hili ninalolitathmini liko upande wa Mwembe Tayari. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanayagusa maduka mengi ya aina yake, na si haki mmoja abebeshwe mzigo wa wote. Ni chumba chembamba chenye kompyuta mbili, kaunta ya kioo iliyopangwa chaja na vifuniko vya simu, na spika moja iliyoelekezwa barabarani. Bei zimeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha boksi: flashi ya GB 8 kujazwa ni shilingi 200 ukija na yako, na wimbo mmoja unaotafutiwa mahsusi ni shilingi 10. Kwa upande wa huduma yenyewe, ukiliweka kando kwa muda suala la sheria, duka hili linayashinda mengi niliyowahi kuingia, na ndiyo sababu linastahili kuandikiwa kwa kirefu.

Ubora wake mkubwa uko kwa kijana anayehudumia. Nilimwomba taarab ya zamani, nikamwimbia nusu ya kiitikio nilichokikumbuka kutoka harusi za utotoni, bila jina la mwimbaji wala la wimbo. Aliinamisha kichwa kidogo, akauliza, "Ami, ni ile yenye tashkota au yenye fidla peke yake?" Nilipomjibu kwamba tashkota ilikuwemo, alifungua folda moja, akapiga sekunde chache za wimbo wa kwanza, akatikisa kichwa kabla sijatamka neno, akapiga wa pili, na ndio uliokuwa wenyewe. Programu za muziki za kwenye simu zinataka uandike jina, ilhali mteja wa taarab ya zamani mara nyingi hana jina, ana sauti tu masikioni. Kijana huyu ameyatenga mafolda yake kwa akili: taarab ya Mombasa mbali na ya Unguja, chakacha mbali na bango, qaswida mbali na mawaidha, na Bongo Fleva na rege katika diski nyingine kabisa. Ukimwambia kwamba nyimbo ni za gari la abiria au ni za shughuli ya kina mama, anajua atakachokitia na atakachokiacha. Maarifa haya ni kazi ya mtunza maktaba, na angekuwa katika taasisi ya sauti angelipwa kwa ajili yake.

Sauti ni ya wastani. Mafaili mengi yamebanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kiasi ambacho kwenye redio ya gari hakikuudhi lakini kwenye spika nzuri za nyumbani hukufanya usikie matoazi yakichuja kama maji ya bomba. Nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti zina mvumo wake, na huo nausamehe. Flashi ilirudi bila virusi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kila duka la aina hii.

Kasoro kubwa niliikuta kwenye majina. Nilipoichomeka flashi kwenye kompyuta, mafaili yalijipanga hivi: TAARAB ZAMANI 016, TAARAB ZAMANI 017, HARUSI MIKSI MPYA 3. Mahali pa kuandikwa jina la msanii palikuwa na jina la duka na nambari yake ya simu. Mahali pa jina la albamu palikuwa na jina la duka tena. Na katika nyimbo nyingi, fidla inapoanza kuufungua wimbo, sauti ya kiume iliyotiwa mwangwi hujitokeza juu yake ikitangaza duka na mahali lilipo, kisha hurudi kabla ya ubeti wa mwisho. Siku ya pili nilimwuliza kijana kwa nini wanafanya hivyo. Alinijibu kwa utulivu wa mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Ami, tusipotia sauti yetu, maduka mengine yanatuibia."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nione kwamba tathmini hii haiwezi kuishia kwenye bei na ubora wa sauti. Duka linajua vizuri maana ya kuibiwa faili. Linajua kwamba kazi ya kulitafuta, kulisafisha na kulipanga ina thamani, na kwamba anayeichukua bure anamnyima mwenziwe haki yake. Lililokosekana ni kuipeleka hoja hiyo hatua moja nyuma, hadi kwa aliyeutunga wimbo, aliyeuimba na aliyegharamia kuurekodi.

Hesabu ya fedha ni fupi. Katika kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki huchukua takriban megabaiti moja, kwa hiyo flashi ya GB 8 hubeba zaidi ya nyimbo 1,500 za dakika tano tano. Gawa shilingi 200 kwa nyimbo hizo na kila wimbo umeuzwa kwa senti 13 hivi, ambazo zote hubaki dukani. Mtu anaweza kusema kwamba senti 13 si kitu. Lakini diski ile ile huuzwa kwa mteja wa pili, wa kumi na wa elfu, na gharama ya duka ni umeme na pango tu. Linganisha na utaratibu wa nyimbo za miito ya simu, zile anazozisikia anayekupigia kabla hujapokea: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka wazi kwamba mapato yake yanapogawanywa, msanii au mwenye hakimiliki hapati chini ya asilimia 52, kampuni ya simu hupata asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Unaweza kulalamika kuhusu namna mgao huo unavyotekelezwa, lakini upo kwenye karatasi na msanii anaweza kuudai. Kwenye kaunta ya Mwembe Tayari hakuna karatasi yoyote ya kudai.

Kwenye ukuta, hata hivyo, zipo karatasi mbili, zote ndani ya fremu. Moja ni leseni ya biashara ya kaunti. Ya pili ni cheti cha kulipia muziki unaopigwa hadharani, ambacho wenye mikahawa, saluni na matatu hutakiwa kuwa nacho na ambacho hutolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye muziki. Mwenye duka, mzee mwenye heshima zake, alinionyesha cheti hicho kwa kidole nilipoligusa suala la ruhusa, na naamini hakuwa na nia ya kunidanganya. Anaamini amelipa. Alicholipia kwa kweli ni spika iliyoelekezwa barabarani, yaani haki ya wapita njia kusikia muziki kutoka dukani mwake. Kunakili rekodi na kuiuza nakala ni haki nyingine kabisa, na hutolewa na mwenye rekodi pamoja na mwenye utunzi. Nashuku kwamba kuchanganya mambo haya mawili kumewapoza dhamira wafanyabiashara wengi wa mji huu kuliko ujeuri wowote, na vyama vinavyotoa vyeti vingefanya jambo la maana kuandika kwa herufi kubwa chini ya kila kimoja kwamba hakiruhusu kunakili.

Sheria yenyewe haina ukungu katika hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyoiunda Bodi ya Hakimiliki, inampa mwenye rekodi udhibiti wa kuinakili, kuisambaza na kuiweka hadharani ipatikane, na inamhesabu anayetengeneza nakala za kuuza bila ruhusa kuwa mkosaji anayestahili faini au kifungo. Inataka pia rekodi zinazouzwa ziwe na stika maalumu ya usalama ya kuthibitisha uhalali wake. Enzi za kaseti na sidii stika hiyo ilikuwa na mahali pa kubandikwa, ila flashi ya mteja haina. Muda wa ulinzi nao ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Juma Bhalo, sauti kubwa ya taarab ya Mombasa, alifariki mwaka 2014, kwa hiyo chochote alichokitunga mwenyewe kitakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2064, na wenyewe hao ni warithi wake. Santuri iliyorekodiwa mwaka 1965 inaweza kuwa imemaliza ulinzi wake kama rekodi, lakini kama mtunzi alifariki miaka ya tisini, maneno na lahani yake bado ni mali ya watu. Neno "zilipendwa" halina maana yoyote mbele ya hakimu.

Ndani ya sheria hiyo hiyo mna kifungu kinacholihusu jambo la majina, na kwangu ndicho kizito zaidi. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomshushia heshima, na haki hizo ni mbali na haki zake za fedha. Aidha, ni kosa kuondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye haki. Kwa hiyo anayefuta jina la mwimbaji kwenye faili na kuliandika lake amefanya kosa la pili juu ya lile la kunakili. Na madhara yake hudumu. Fedha zilizopotea zinaweza kufidiwa. Faili linaloitwa TAARAB ZAMANI 017 likishazunguka kwenye simu za watu kwa miaka kumi, mjukuu wa mwimbaji hatajua kwamba analosikia kwenye tuktuk ni sauti ya nyanyake, na hata mtu mwema anayetaka kulipa hatajua amlipe nani. Kijana wa duka anajua. Ana jina la kila mwimbaji kichwani. Analifuta kwa mkono wake kwa sababu ameagizwa.

Mwenye duka ana hoja zake, na si zote za kupuuzwa. Anasema wasanii chipukizi humletea nyimbo zao wenyewe, wakimwomba azitie kwenye kila flashi inayotoka, kwa sababu wimbo ukishapigwa kwenye matatu za Kisauni na Mtwapa ndipo mwimbaji anapoitwa kwenye shughuli na kulipwa. Hilo ni kweli, na halina tatizo lolote: mwenye mali ameitoa kwa hiari yake. Tatizo huanza pale hiari ya msanii mmoja wa miaka ishirini inapogeuzwa kuwa ruhusa ya kuwachukulia wote, akiwemo mwimbaji mkongwe ambaye hapandi tena jukwaani na ambaye rekodi zake ndizo pensheni pekee aliyoitarajia. Anasema pia kwamba bila maduka kama lake taarab ya zamani ingekwisha potea. Katika hili nakubaliana naye zaidi ya nusu. Mji huu ulikuwa na wazalishaji wake wenyewe: Assanand & Sons walitoa santuri chini ya chapa ya Mzuri, na Mbwana Radio Service waliziuza kaseti za taarab kwa kizazi kizima. Enzi hiyo ilipopita, sehemu kubwa ya hazina ilibaki mikononi mwa watu binafsi, na waliohangaika kuihamishia kwenye kompyuta walikuwa vijana wa maduka haya, wala hakuna taasisi iliyowatangulia. Kuhifadhi ni jambo jema. Kuhifadhi huku unafuta majina ni jambo ambalo sijapata namna ya kulitetea.

Wengine hudhani kwamba mzozo huu ni wa nchi maskini. Marekani ndiko ulikoanzia kwa ukubwa wake, mwaka 1999, ilipotolewa Napster, programu iliyowawezesha watu wasiojuana kuchukuliana nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mahakama ya rufani ilitoa uamuzi dhidi yake mwaka 2001, na mwaka huo huo ikazimika. Kampuni za muziki hazikutosheka na kuwashtaki wenye programu. Ziliwafuata wasikilizaji, na mama mmoja wa jimbo la Minnesota alijikuta akidaiwa kwa nyimbo 24, kesi iliyoishia kwenye fidia ya dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo. Sioni busara katika hukumu hiyo, wala sidhani kuna mtunzi aliyenufaika nayo. Kumwadhibu msikilizaji hadi afilisike hakukuzuia watu kuchukua nyimbo. Kilichopunguza ni kupatikana kwa njia halali zilizokuwa rahisi na za bei nafuu. Kwa sababu hiyo siungi mkono misako ya kuzikamata kompyuta za vijana wa Mwembe Tayari huku hakuna aliyewaonyesha mlango wa kuingilia kihalali.

Kuna folda moja dukani ambayo inahitaji maneno yake: ya qaswida na mawaidha. Hapa wateja wengi hudai kwamba maneno ya dini hayana mwenyewe, na kwamba kuyasambaza ni thawabu. Mashekhe wengi kweli hutangaza kwamba mawaidha yao yanakiliwe bila malipo, na aliyeruhusu ameruhusu. Lakini qaswida iliyorekodiwa na vijana wa madrasa waliochangishana ada ya studio haiwi ya bure kwa sababu inamtaja Mtume. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Mteja anayeogopa riba hadi ya shilingi moja hana budi kulitafakari azimio hilo anapoichomoa flashi yake.

Sisi wateja nasi tuna sehemu yetu, na si ndogo. Sheria inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya mtu binafsi, na kwa maoni yangu kuihamisha kaseti uliyoinunua kwenye simu yako ili uisikilize mwenyewe ni jambo ambalo mtu anaweza kulitetea kwa uso mkavu. Sheria imeweka hata msingi wa tozo kwenye vifaa vya kurekodia ili wenye haki wafidiwe kwa kunakili kwa namna hiyo. Kulituma faili lile lile kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ni usambazaji, hata kama hukulipwa senti. Na anayeweka nyimbo za watu kwenye tovuti ajue kwamba tangu mwaka 2019 mwenye haki anaweza kupeleka notisi, na mtoa huduma wa intaneti akatakiwa kufunga njia ya kuzifikia ndani ya saa 48 za kazi.

Njia mbadala zipo. Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi, hukuruhusu kupakua nyimbo bila malipo na huwalipa wasanii kwa fedha za matangazo. Kwa mtu anayetaka faili la kubaki kwenye flashi ya gari, hiyo ndiyo inayokaribiana zaidi na huduma ya duka. Boomplay ina nyimbo nyingi za Afrika, na Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Kwa Bongo Fleva na nyimbo mpya, sioni tena sababu ya mtu mwenye simu janja kulipa shilingi 200 dukani. Kwa taarab ya Mombasa ya kabla ya miaka ya tisini, bado duka linashinda kwa mbali, na madhali linashinda kwa mali isiyo yake, ushindi huo ni hoja dhidi ya wenye rekodi walioziacha kabatini kama ulivyo hoja dhidi ya duka.

Uamuzi wangu basi umegawanyika. Kwa ustadi na adabu ya kijana, alama zote. Kwa sauti, nusu. Kujaziwa flashi kwa jumla sikupendekezi kwa yeyote, na ile sauti ya mwangwi juu ya fidla naomba iondolewe leo kabla ya kesho. Huduma moja ya duka hili, ambayo haijaandikwa hata kwenye kipande cha boksi, naipendekeza bila kusita: ukiwa na kaseti zako mwenyewe nyumbani, za kununua au za harusi ya familia, watakuhamishia kwenye faili kwa shilingi 300 kila moja. Kijana atakisafisha kichwa cha mashine kwa spiriti mbele yako, ataisikiliza kaseti pande zote mbili, na ukimwomba aandike majina ya waimbaji na wapigaji, atayaandika, na yale usiyoyajua atakutajia. Mpelekee asubuhi baada ya saa tatu, kabla foleni ya madereva haijaanza. Ijumaa hufunga kwa ajili ya swala na hurudi alasiri. Mwambie mapema kwamba hutaki tangazo la duka ndani yake.